Mluzi wa Amplifaya ya Baba

3 Februari

Baba,

Shikamoo. Natumaini magoti yanakupa nafuu. Mimi mzima, kazi ya ghalani tu inanikimbiza.

Mzigo umefika. Nilipoiona amplifaya yako kuukuu nikajua kweli umefunga karakana. Ahsante. Ila nimeiwasha, ikapiga mluzi, ule ule wa siku ile nilipopiga gitaa harusini na bendi yako, wa kutoboa masikio. Baba, sikuwa nimechomeka gitaa. Sina hata gitaa. Siku ile ulisema mbele ya watu kwamba mkono wangu ndio mbovu, ukanishusha jukwaani. Miaka tisa nimeamini hivyo. Nataka kujua kitu kimoja tu: nilikuwa mimi, au la?

Mwanao

17 Februari

Mwanangu,

Marahaba, mama. Magoti yamegoma, mengine salama.

Mluzi gani tena? Nilikuwa naiwasha kila Jumamosi, imetulia kama maji mtungini. Labda umeme wa huko kwenu. Haya, usije ukasema nimekutupa. Zungusha kitufe cha sauti mpaka sifuri. Mluzi ukibaki, ubovu uko huku nyuma. Gongagonga zile taa za kioo zinazokuza sauti kwa penseli, moja moja. Itakayolia ndiyo mgonjwa. Ukifungua ndani, chomoa plagi na umalize umeme uliolala mle kama nilivyokufundisha. Nataka mtoto, sitaki maiti.

Transfoma usiiguse. Niliibadilisha mwenyewe wiki ya ile harusi, na mimi sikosei transfoma.

Baba yako

2 Machi

Baba,

Shikamoo. Hujambo na upweke?

Sauti iko sifuri, mluzi upo. Nimegonga taa zote, hakuna iliyojibu. Basi nikafanya ulilonikataza. Nilichomoa plagi, nikamaliza umeme, nikaitazama transfoma. Waya wa bluu umekaa mahali pa wa kahawia, na wa kahawia mahali pa wa bluu. Ndiyo maana sauti inajirudia yenyewe mpaka inapiga kelele. Nikazibandua, nikazibadilisha mahali, nikalehemu upya. Nikawasha. Kimya. Nilikaa sakafuni nikalia mpaka jirani akabisha hodi.

Ile risasi ya kulehemu ni yako, Baba, vidonge vidogo vinavyong'aa. Nani mwingine hulehemu hivyo? Kukosea si neno, kila fundi hukosea. Kinachonishinda ni hiki: ulisimama hatua mbili tu kutoka kwenye spika. Hukusikia?

Mwanao

29 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Natumaini u mzima. Miezi hii minne kila nikishika kalamu naiweka chini.

Nilikwenda kupimwa masikio. Nesi akanivika visikilizio, akasema ninyooshe mkono kila nikisikia mlio. Nikakaa nangoja aanze. Kidogo akanivua, kumbe amemaliza. Daktari anasema milio myembamba yote ilishaniisha siku nyingi, ni ile miaka thelathini ya bendi, nimesimama mbele ya spika kama mlinzi. Siku ya harusi nilisikia gitaa lako tu, safi. Nikaona watu wanaziba masikio. Sikuona cha kulaumu, nikakuona wewe.

Haikuwa wewe, mama. Haikuwa wewe hata kidogo. Nilimwaibisha mtoto wangu kwa kosa la mikono yangu, kisha nikakaa miaka tisa nangoja aje kuniomba radhi. Nisamehe.

Sauti nene bado nazisikia, ingawa nazo zimeanza kuaga. Njoo unipigie kwenye zile nyuzi nene, nikusikie kabla hazijaenda.

Baba yako

14 Julai

Baba,

Shikamoo. Nimekusamehe. Nalitanguliza neno hilo ili usisome mengine kwa hofu.

Jana niliazima gitaa kwa mwenzangu wa ghalani, nikalichomeka. Hakukuwa na mluzi. Hakukuwa na chochote, Baba. Mkono ulikaa juu ya nyuzi, haujui pa kwenda. Nikajaribu ule wimbo wako wa kufungulia dansi, niliokuwa naupiga huku nacheka na watu. Nikapata noti nne, ya tano ikanikatalia. Nimelirudisha gitaa la watu leo asubuhi.

Nitakuja Jumapili ya kwanza ya Agosti, nikae hata mwezi. Tutazungumza, nitakuwa karibu na nitaongea polepole. Ila gitaa usilingoje. Yule mpiga gitaa alikuamini, akaacha.

Mwanao