Simbilisi Wako wa Pua Nyeupe

Huaylluma, tarehe 3 Julai

Mpendwa mdogo wangu Benigna,

Pokea salamu nyingi kutoka jikoni kwa mama, maana ndiko ninakoandikia, mgongo nimeuelekeza kwenye joto na karatasi iko juu ya kibao cha kukatia nyama. Sisi huku tu wazima, isipokuwa midomo yangu imepasuka kwa baridi na Nicanor anakohoa kile kikohozi chake cha kutafuta huruma. Mama hajambo. Macho yake hayaoni kabisa sasa, ila ulimi uko palepale ulipouacha. Wewe je, na binti yako Rosaura, mnaendeleaje? Na hilo jua la Arequipa unalolisifu linawaka kweli hata mwezi wa Julai, au unaturingia tu?

Barua yako ililetwa Alhamisi na dereva wa lori la shayiri. Mama alitaka nimsomee mara mbili, halafu akataka mara ya tatu, akidai kwamba mara ya pili nilikimbia. Pale uliposema unakuja Agosti, baada ya miaka sita, aliweka kiganja mdomoni. Mimi nililia, mdogo wangu. Nililia nikasingizia moshi.

Umeuliza kama simbilisi wako wanavuka kipupwe hiki salama. Kipupwe cha mwaka huu hakina adabu. Maji yanaganda kwenye ndoo ndani ya nyumba, na kuku mmoja wa Eudocia alikutwa amekauka juu ya ukuta akiwa bado amesimama. Lakini jikoni kwetu hawajui kama kuna baridi. Upenyo wa mlangoni nimeuziba kwa ngozi ya kondoo. Uvunguni mwa jiko nimewatandikia majani makavu ya shayiri, mengi ya kuweza kujichimbia, na kila asubuhi nayabadilisha, kwa sababu yakilowa mkojo yanakuwa baridi kuliko sakafu yenyewe. Jioni napasha mawe mawili ya mtoni, nayafunga ndani ya suruali kuukuu ya Nicanor, nayaweka pembeni, ili atakayeona joto limezidi apate pa kukimbilia. Moto naufunika kwa majivu na samadi kavu ya lama, unakaa mpaka kunakucha bila kuwatilia moshi kifuani. Saa sita jua likifika uani nawatoa kidogo, na kivuli cha mlima kikianza kushuka nawarudisha mbio, nimewabeba kwenye sketi.

Nicanor anasema akizaliwa upya anaomba azaliwe simbilisi katika nyumba hii, maana tangu tuoane hajawahi kupashiwa jiwe hata moja. Nilimwambia aanze basi kwa kula majani. Eudocia naye, jirani yetu asiyejua kupita bila kuchungulia, juzi alisimama mlangoni akaniuliza, "Hivi wewe Hilaria, hao unawafuga au unawaabudu? Wenzako tunawala, mama!" Nilicheka naye. Hajui kwa nini naiogopa baridi namna hii, na wewe pia hujui, ila leo utajua.

Naikumbuka siku uliyoondoka kama jana. Baba alikuwa ameniachia mimi shamba la juu, nawe ukaambiwa utapata la mume. Hukupiga kelele, na afadhali ungepiga. Ulipanda lori na kifurushi chako, ukainama ukaniambia, "Shamba chukua, dada. Changu humo nyumbani ni hao tu. Watunze, iko siku nitawafuata." Hao, yaani uzao wa ile jozi aliyokupa mama yako wa ubatizo, Casilda, siku ulipokatwa nywele za kwanza. Pua nyeupe wote, na pale utosini kizunguko cha nywele, kama mtu amewapulizia. Nilisimama pale njiani mpaka vumbi la lori likatulia, nikajisemea kwamba maadamu hao wako jikoni, mdogo wangu bado ana kwao.

Na unajua jinsi mama anavyoamini kwamba simbilisi wakipiga mluzi bila kuona majani, mgeni yuko njiani. Miaka sita, Benigna, kila wanapopiga mluzi nafagia sakafu na kuongeza viazi chunguni. Amekuja mchuuzi wa chumvi. Amekuja padri. Amekuja mbuzi wa Eudocia. Wewe hujaja, na mimi huwa nakaa na viazi vyangu vya ziada nimekasirika siku nzima.

Sasa umeandika kwamba nywele za Rosaura zimefika mgongoni na hakuna mkasi uliozigusa, kwa sababu unataka akatiwe hapa, mbele ya jiko letu, na apewe jozi ya uzao uleule wa Casilda ili naye awe na mizizi. Niliposoma maneno hayo kwa sauti, nilikatia hapo. Mama alidhani nimefika mwisho wa ukurasa.

Kaa chini, mdogo wangu, usisome hapa umesimama. Simbilisi walioko jikoni si wako. Wako walikufa, na niliyewaua ni mimi.

Ilikuwa mwaka wa pili baada ya wewe kuondoka. Tulikwenda wote uwandani kugandisha viazi vya chunyo, vile vya kuachia baridi ya usiku kisha kukanyagwa na kukaushwa, hata mama tulimpeleka, maana macho yalikuwa yameanza kumsaliti lakini vidole vyake vinachagua viazi kuliko macho yangu. Jikoni niliacha nimefunika moto wa kutosha siku mbili. Baridi ikakataa kuja. Viazi vimetandazwa pale kwenye nyasi, laini, na mawingu yanavitunzia joto usiku kucha. Nikamimina pombe ya mahindi ardhini, nikaiomba ardhi kwa sauti itupe baridi kali, baridi ya kuvunja mawe. Tukakaa siku ya tatu na ya nne. Na baridi ikaja, Benigna! Asubuhi viazi vililia chini ya miguu kama kokoto, tukavikanyaga tukiimba, nami nilikuwa na furaha kuliko wote. Sikukumbuka hata mara moja kwamba baridi niliyoiomba ya viazi ingepita pia nyumbani.

Nilitangulia kurudi ili niwashe jiko. Walikuwa wamerundikana uvunguni juu ya majivu yaliyopoa, wadogo katikati, wakubwa wamewazunguka. Niliwazika nyuma ya zizi kabla mama hajafika na Nicanor. Jumapili nilikwenda gulioni nikatafuta wenye pua nyeupe na kizunguko utosini, nawainua mmoja mmoja nawageuza, mpaka yule mwanamke muuzaji akanipigia kelele, "We dada, unatafuta wa kula au wa kukuoa?" Nilinunua wanne. Na tangu hapo kila barua niliyokuandikia kuhusu simbilisi wako, fulani amezaa, fulani mkorofi, ilikuwa ya wanyama ambao hawajawahi kukuona. Niliogopa kwamba ukijua hao hawapo tena, hutakuwa na sababu ya kupanda mlima huu. Shamba nilishakunyang'anya. Nilikuwa nimebakiwa na hao tu wa kukurudisha.

Usiku ule wa Alhamisi sikula. Kesho yake asubuhi nilimwambia mama kila kitu. Alikuwa amempakata jike mmoja, anampapasa kichwa kwa kidole gumba kama kawaida yake, na hakuacha hata kidogo. Akasema, "Mwanangu, mimi nimepofuka, sijawa mjinga. Wa Casilda nywele zao zilizunguka kwenda kushoto. Hawa zinazunguka kulia. Nilijua siku ileile uliyonipakatisha." Nikamuuliza mbona alinyamaza miaka minne yote. Akajibu kwamba na yeye anamtaka mwanawe arudi, kwa hiyo alisikiliza barua zangu za uongo na mara nyingine alitamani niongeze kidogo.

Basi ndivyo tulivyokuwa, wanawake wawili tunadanganyana mbele ya moto mmoja, kila mmoja kwa ajili yako.

Sina uzao wa Casilda wa kumpa Rosaura. Hawa wa kulia wakimtosha, ni wake wote. Shamba la juu nimezungumza na Nicanor, tuligawe nusu kwa nusu, iwe utalilima au utaliacha liote nyasi. Sikuambii hivyo ili nikununue. Ilipaswa iwe hivyo siku ile ya lori, nami nilikaa kimya kwa sababu kimya kilinifaa. Ukikasirika, kasirika, lakini njoo ukasirikie hapa. Nimekukosa mno, Benigna. Nimewakosa hao wanyama pia, lakini wewe zaidi.

Leo asubuhi wamepiga mluzi tena, wote pamoja. Nikafagia, na kumbe ni Eudocia amekuja kuomba kaa la moto. Mama akasema tusiwalaumu, hawakujui, ndiyo maana wanatangaza yeyote yule.

Mama anakusalimu na anamwekea Rosaura mkono kichwani kwa mbali. Nicanor anakusalimu. Eudocia anakusalimu pia, na anauliza kama Arequipa kuna wanaume waliobaki. Msalimie kila anayekutendea wema huko.

Nimeokota mtoni mawe mengine mawili, lako na la Rosaura. Tangu Alhamisi nayapasha kila jioni na kuyaweka kwenye kile kitanda chako cha ukutani, ingawa Agosti bado. Nicanor ananiona nikipita nayo, na hajanitania hata mara moja.

Ni mimi dada yako,

Hilaria