Vyumba vya Dodoma

Jumapili, Old Moshi

Na sasa nimeshalipa. Akiba yangu yote ya ualimu imeingia kwenye vile vyumba vya kupangisha huko Dodoma, ili vinitunze uzeeni.

Leo nilipomweleza mama, aliuliza jambo moja tu: "Mwanangu, hao wapangaji watachota maji wapi?"

Nilikagua hati, kuta, bati, hata misumari. Maji sikuuliza.

"Watapanda basi waje kwenye mfongo wetu!" kaka akacheka. Mama hakucheka.

Mfereji huo unapita nyuma ya nyumba yetu tangu enzi za babu. Kesho nitampigia simu aliyeniuzia. Naogopa jibu lake. Nilisimama katikati ya vumbi lile, na bado sikukumbuka kwamba maji huulizwa.