Mlio wa Jumamosi Waikoromiko

Waikoromiko, Southland
9 Machi

Kwa kaka yangu mpendwa Rewi,

Salamu nyingi zikufikie huko Perth pamoja na shemeji Dell. Mgongo wako unaendeleaje? Naomba usiwe umerudi kubeba vyuma kabla daktari hajakuruhusu, maana nakujua. Huku sisi tupo. Mvua inatunyeshea kila alasiri, kondoo wamekwisha kunyolewa, na Mama anakula vizuri. Habari zake nyingine nitakupa humu humu, usiruke mistari.

Uliniuliza kama uwanja wa shabaha wa Baba umefungwa. Haukufungwa, kaka, na aliyeuokoa ni Shangazi Noeline Galbraith, yule aliyekuwa akituendeshea basi la shule. Siku hizi ndiye msimamizi wa usalama pale. Ana miaka sabini na mmoja na bado anawapita wanaume wote kwa shabaha ya mita mia mbili, lakini si hilo lililonifanya nimvulie kofia.

Barua ya halmashauri ilipofika mwezi wa Novemba, ikisema kuna jirani amelalamikia kelele, wanachama walikutana kwenye kile kibanda alichojenga Baba. Nami nilikwenda, nikakaa karibu na mlango. Colin Petrie alikuwa amewiva uso kwa hasira, akaapa kwamba akimjua huyo jirani atamwegeshea trekta getini mpaka Krismasi ipite. Wenzake wakamchochea. Shangazi Noeline aliwaacha wakachoka, kisha akasema kwa sauti ile ile aliyotunyamazishia basini: "Aliyelalamika ana masikio. Mlio ni wetu sisi. Tuupunguze." Akaeleza kwamba ameomba miezi mitatu, na kwamba kuanzia mwaka mpya hakuna bunduki itakayolia pale bila kiwambo cha kuzuia sauti.

Mimi nilidhani kiwambo ni kopo tu la kuchomekwa kwenye mtutu. Bunduki ya Baba bado iko kwangu, imefungiwa kabatini, kwa hiyo Shangazi alikuja mwenyewe kuitazama. Aliniambia jambo la kwanza ni tundu: lisiwe dogo kuliko risasi, la sivyo risasi itakipasua kiwambo. La pili, kiwe kimetengenezwa kwa nguvu ya risasi ile ile, maana cha bunduki ya sungura hakihimili kishindo cha bunduki ya kulungu. Mtutu wa Baba haukuwa na hesi, ile mikato ya kuzungushia kiwambo kikaze, basi tukaupeleka kwa fundi bunduki kule Gore. Akazikata zimenyooka, kwa sababu kiwambo kikikaa upande hata kidogo, risasi itakigusa.

Dukani nilikimbilia kirefu kuliko vyote, nikiamini ndicho chenye kimya kingi. Shangazi hakubishana nami. Alikifunga, akanipa bunduki niielekeze ukutani, akaanza kuongea na muuzaji habari za viazi. Alipomaliza viazi nilikuwa nimeishusha mara mbili kupumzisha mkono. Nikachagua kifupi, chepesi. Colin, ambaye hakutaka ushauri wa mtu, alinunua bomba zima. Mtutu wake ukainama kama ng'ombe anayekunywa maji, na wenzake wakawa wanamuuliza kila Jumamosi kama ameshiba.

Ungeona Shangazi anavyowafundisha wanachama kuvitunza viwambo. Alitandika meza kibandani, akawasimamisha watu wazima mstari mmoja kama wanaongoja basi. Kila baada ya risasi kadhaa, hakikisha bunduki haina risasi, kisha kaza kiwambo, maana hulegea. Ukimaliza, ngoja kipoe, kifungue, kisimamishe kikauke. Ukikiacha juu ya mtutu, unyevu na masizi vitakula vyote viwili. Vya bunduki ndogo hujaa risasi, namaanisha madini yenyewe, kwa hiyo hufunguliwa kipande kwa kipande na kusuguliwa, kwa glavu, na kamwe si jikoni. Mzee Hohepa aliuliza kama sasa wanaweza kuvua vile vizibo vya masikioni. Akajibiwa kwamba kiwambo hupunguza, hakinyamazishi, na kwamba atakayevua arudi nyumbani kwa miguu.

Mwezi uliopita afisa wa halmashauri alikuja na kipimo chake. Alisimama getini kwetu, kwa kuwa nyumba yetu ndiyo iliyo karibu zaidi. Wakapiga kwanza bila viwambo, kisha navyo. Alitazama kipimo, akaomba warudie, akatazama tena, akaandika kwamba uwanja uendelee.

Sasa kaka, kaa chini. Uliandika kwamba aliyepeleka malalamiko yale ni mwoga asiye na jina. Jina analo. Ni mimi.

Nilikuficha hali ya Mama. Tangu apate kiharusi, kila mlio ulipolia Jumamosi alikuwa anajikunyata nyuma ya kochi na kumwita Baba, akiamini Baba amepigwa risasi. Nilimpa msiba wa mumewe mara ishirini kwa siku moja, Rewi, kwa kumkumbusha kwamba Baba alikufa kitandani. Niliona haya kwenda kuwaambia watu wa Baba wanyamaze, na niliona haya kukuambia wewe kwamba nimeshindwa. Ndiyo maana nikaandika bila kutia sahihi.

Siku ile ya kipimo, Shangazi Noeline aliingia ndani akamkuta Mama nyuma ya kochi baada ya ile milio ya kwanza. Nilimweleza yote pale pale. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mereana, ungenigongea mlango tu." Akaongeza, "Na sisi tungepita kumjulia hali. Miaka miwili tunapiga risasi hapo mbele yake, hakuna aliyepita." Akavua koti lake la uwanjani, akanawa mikono mpaka viwikoni, akaketi sakafuni kando ya Mama. Viwambo vilipofungwa na milio ikaanza upya, Mama aliinua kichwa, akasikiliza, akabaki ameushika mkono wa Shangazi.

Juzi Jumamosi Mama aliniuliza nani anapigilia misumari. Nikamwambia ni watu wa Baba. Akasema, "Waambie chai iko tayari." Nikaiandaa kweli, pamoja na mikate ya jibini, nikaipeleka kibandani, na Colin akanipokea sinia. Yeye pia nimemwambia. Trekta hajaleta.

Nikasirikie ukitaka, haki yako. Ila mpigie Mama simu Jumapili, hata kama mimi hutaki kuongea nami. Msalimie Dell, mwambie ile sweta imefika na inanitosha.

Ni mimi dada yako,
Mereana