Mlango wa Mwisho Tuliufungua Bila Wewe

Kwako Festo, uliyekuwa mkwe wangu,

Kamwene yangu, salamu ya kwetu, sikupi. Naanza hivyo usije ukadhani nimekuandikia kwa kukukumbuka. Nimekuandikia kwa sababu umetuma watu waniulize kama Tumaini anaweza kuja kukaa kwako Tunduma, eti sasa una nyumba nzuri na shule iko karibu. Jibu liko kwenye karatasi hii. Kwenye bahasha sikuitia. Nampa dereva wa kwanza atakayesimama hapa Makambako, naye atampa mwingine, na wote nitawaambia waisome wakipumzika njiani. Mimi shule sikwenda, basi waliokwenda waisome kwa niaba yangu.

Unaikumbuka ile gemu? Uliileta miaka ya ruksa, vitu vilipoanza kumwagika madukani. Ulishuka kwenye lori umekumbatia televisheni kama mtoto mchanga. Stesheni hazikuwapo, tulitazama chenga tu mpaka ulipochomeka kile kiboksi na kaseti yake ya njano. Vijana wa mtaa walijaa sebuleni wakitaka gemu za kupigana na za magari. Ile ya mwisho kabisa kwenye orodha hakuna aliyeitaka, haikuwa na bunduki. Watu wawili wadogo, mmoja mwekundu, mmoja wa bluu, wamepotea ndani ya mgodi. Mmoja akikanyaga jiwe, mlango unamfungukia mwenzake, naye akipita anatafuta jiwe la kumfungulia aliyebaki. Vijana walisema hiyo ni ya wazee. Ndipo mimi nikaitaka.

Lakini mimi na wewe tulikuwa hatutazamani. Kwetu mama mkwe na mkwewe hawakai sehemu moja, na hawasemeshani ovyo. Kwa hiyo nilikaa jikoni nyuma ya pazia, waya wa pedi ya kuchezea umepita chini yake, nachungulia kioo kwa upenyo. Mwanangu Anjela alikaa katikati, tumbo limemjaa, anapeleka maneno. Mwambie mumeo akanyage jiwe. Mwambie mama nimekanyaga. Mwambie mumeo hajakanyaga, anarukaruka kama kuku aliyemwagiwa maji. Anjela alicheka mpaka akashika mbavu. Jumapili ya tatu akachoka.

“Semezaneni wenyewe,” alisema. “Mimi si simu.”

Tukasemezana, pazia likiwa katikati. Maneno yakafika kijijini Kifanya kwa kaka yangu, akaja na wazee wawili, wakanikalisha kwenye kigoda. Waliuliza tangu lini mkwe anaitwa “wewe mwekundu” na mama mkwe wake, na kama mvua ikikataa kunyesha watamlaumu nani. Niliinuka.

“Huyu nimemzaa,” nikasema.

Mbele ya watu, Festo. Kaka yangu hakunisemesha mpaka mavuno. Neno lile nimelijutia miaka kumi na moja.

Kisha ikaja Jumapili tuliyofika mlango wa mwisho. Pale mawe ni mawili, kila mtu na lake, na yako mbalimbali. Kila tuliposimama, wewe ulitoka mbio kwenda kuangalia kama mlango umefunguka, nao ukagoma kufunguka. Nikakugombeza, ukacheka, tukaanza upya. Honi ya lori la kukuchukua ikalia nje. Ukaweka pedi chini.

“Mama, usiondoke hapo,” ulisema. “Nakuja.”

Nikakaa na mtu wangu wa bluu juu ya jiwe lake. Nilisonga ugali nikarudi, bado amesimama. Jumatatu tukasikia umeteremsha nguo zako Tunduma kwa mwanamke mwenye duka la vitenge. Wiki ya pili Anjela alishikwa na uchungu, mimi nikimshika mgongo. Aliita jina lako mpaka sauti ikakauka, ndipo Tumaini akazaliwa. Hilo hukulijua. Sasa unalijua, na madereva wote wa barabara ya Zambia wanalijua. Leo anashona sare za shule hapo sokoni, mashine mbili, hakuulizii wala hakutaji.

Mwaka huu tulikuwa tunapandisha mahindi darini, Tumaini akakikuta kile kiboksi, panya wametafuna karatasi yote niliyokifungia. Akauliza ni redio gani hii. Nilifuta vumbi, nikapuliza kaseti, nikapuliza tena. Kusoma sijui, ila nilibonyeza mshale wa chini mpaka ukakataa kushuka, na muziki ule ukalia. Nilitetemeka kwa hasira mpaka mtoto akadhani umeme umenipiga. Nikamwambia ashike hiyo pedi nyingine.

Tumecheza Jumapili nne baada ya misa. Tulipofika mlango wa mwisho, mtoto wako alisimama kwenye jiwe lako. Nikamwambia atulie, asitazame mlango. Akatulia, hata kidole hakikucheza. Tukakaa hivyo kitambo, mlango ukafunguka wenyewe. Ujanja haukuwapo wowote, Festo. Ulitakiwa kusimama tu.

Kilichoko nyuma yake sikwambii. Watoto wa mtaa mzima wamekiona, na Anjela amekiona akacheka kama zamani. Dereva unayeisoma hii, ukitaka kukiona pita nyumbani, chai na viazi vipo. Wewe Festo hutakiona mpaka unaingia kaburini. Na ukithubutu kuja, sitakaa jikoni. Nitakaa mbele yako nikuangalie machoni mpaka wewe ndiye uiname, maana anayefichwa uso ni mkwe, na ukwe nimekuvua.

Mwandiko huu ni wa Tumaini. Yuko darasa la tano. Kila neno nimelisema mimi, yeye ameandika, na palipomuuma aliacha kalamu, nikamngoja. Nimemwambia mwisho wa karatasi ni wake. Akitaka kuja kwako aseme, sitamfunga kamba. Akitaka kukutukana, nalo aliandike, sitaomba nisomewe.

“Bibi, simjui,” amesema. “Nimwandikie nini mtu nisiyemjua?”

Nimemwambia aandike hivyo hivyo, aikunje, lori limeshafika.

Ubaki huko huko uliko.

Ni mimi,
Bibi yake Tumaini