Sanduku la Pili la Barua

Jumapili, 9 Machi 2014. Al-Malqa, Riyadh

Nimepiga pasi tangu alfajiri. Mgongo umekufa. Mchana Rima, binti ya bosi, kaniita tena nimsomee. Baba yake kamnunulia sanduku la barua kuukuu za Kiingereza, aende kuzionyesha chuoni. Mwandiko wa kuunganisha haumudu. Sisi shule ya msingi tulichapwa mpaka tukaumudu. Mimi nasoma, yeye anapiga chapa.

Mkataba wangu uliisha Januari. Bosi ndiye kafili, mdhamini wangu. Bila sahihi yake sitoki nchi hii. Jana kasema, "Barua zikiisha, halas, unaenda kwenu." Nitasoma hata macho yatoke.

Jumatano, 12 Machi

Mwandishi ni mama wa Kizungu, anamwandikia dada yake. Kutwa kutembelea mashamba ya matajiri na kuchora. Anasema mandhari haipendezi bila kitu kilichobomoka: ukuta, daraja, kibanda. Na maskini mmoja, awe mbali, uso usionekane.

Mama yangu alipiga deki nyumba ya shamba la chai Limuru mpaka magoti yakaisha. Wageni walisifu maua.

Nimesoma tu. Zimebaki chache.

Jioni mwanangu Baraka kauliza kwenye simu narudi lini. Ana miaka mitano. Nikamwambia wiki ijayo. Dada yangu Njeri, anayenilelea huyo mtoto, akadakia: "Wee mwalimu wa Waarabu, usimdanganye mtoto!"

Ijumaa, 21 Machi. Al-Hamra, Jeddah

Tulimaliza Jumanne. Nikafunga begi. Jana wakanipandisha ndege, nikadhani ya kwetu. Kumbe tunakuja nyumba yao ya huku, karibu na bahari. Leo bosi kaingia na sanduku la pili. Kubwa kuliko lile. Rima akapiga makofi.

Nimeingia bafuni. Nimelia. Nimenawa.

Jumatatu, 24 Machi

Nimesoma moja. Mama yule anataka mti ukatwe ndiyo picha ikae sawa. Mti wa watu.

Hapo nikaona. Nikizidi kusoma vizuri, watazidi kununua. Nikaweka karatasi mezani.

"Yalla, endelea," Rima akasema.

"Mafi," nikamjibu. Hakuna.

Bosi akaitwa. Nikamwambia kwa adabu, mikono nyuma: "Baba, zenu nimezisoma. Sasa na wewe soma mkataba wangu."

Akacheka. Halafu akaacha kucheka. "Rudi jikoni. Hayo ya kuondoka tutaona."

Madam, mke wa bosi, kaniita mjeuri. Sijuti. Naogopa, lakini sijuti.

Alhamisi, 3 Aprili

Hajatia sahihi. Sanduku wamelisukuma chini ya ngazi. Rima hanisalimii. Nimeparua samaki, nimefuta chumvi ya bahari kwenye madirisha yote.

Nikapiga simu nyumbani. Baraka kang'oka jino la mbele. Kanieleza damu ilivyotoka, na alivyolirusha juu ya paa. Tukacheka. Nikawa nangoja aulize narudi lini. Safari hii nilikuwa nimejiandaa kumwambia ukweli, kwamba sijui.

Hakuuliza. Akampa Njeri simu, akaenda kucheza.