Mguu Ambao Hawakuuangalia

Mama,

Situlii. Tangu jana nakaa, nasimama, nakwenda mlangoni, narudi. Chai imepoa tena. Ungekuwepo ungesema, "Tulia wee, umekalia siafu?" Nakuandikia wewe kwa sababu hapa Chang'ombe nikimwambia mtu, habari itafika bombani kabla yangu.

Jana wakaguzi walikuja zahanati yetu kupima huduma. Nilikuwa nimempeleka mwanangu Latifa, kikohozi hakimwachi. Wakawa wanatuita mmoja mmoja watuulize tunahudumiwaje. Unawajua majirani zako. Asubuhi nzima wanalalamikia foleni, wakiitwa tu wanakuwa malaika: "Nzuri tu, tunashukuru, Mungu awabariki." Hata mzee mmoja aliyekosa dawa alisema hivyohivyo, cheti kipo mkononi.

Nikawa kama nakusikia wewe.

Siku ile ya mwisho ulipokwenda pale zahanati, nesi Tausi alikuuliza, "Shikamoo mama, hali yako?" Na wewe ulivyolelewa, mtu akikuuliza hali humtupii maradhi usoni. Ukajibu, "Marahaba, alhamdulillah, nyie hamjambo? Mama yako mgongo wake je?" Mkasalimiana mkamaliza. Ukataja uchovu kidogo, akakupima presha, akakupa vidonge vya maumivu, akaita mwingine. Mguu uliovimba ukabaki chini ya baibui. Wewe ulikuwa unangoja aulize tena. Yeye alishajibiwa. Siku chache baadaye hospitali kubwa wakatuambia damu iliganda mguuni ikapanda kifuani, na wakati huo ulikuwa umeshaondoka.

Msibani watu walinong'ona, mficha maradhi kifo humuumbua. Iliniuma, na bado inaniuma. Hukuficha, Mama! Ulitanguliza adabu, na mwenye adabu anahitaji mtu wa kumuuliza mara ya pili.

Lakini Tausi ni wa kwetu. Ndiye anayemdunga Latifa sindano bila kumliza, ndiye aliyekuja kukuosha pamoja na akina shangazi. Shangazi anasema alipofika mguuni mikono yake ilisimama. Sasa nimseme mbele ya wageni, halafu mtoto akishikwa na homa nimpeleke wapi? Na wakimfukuza kazi je? Nilitamani nimbebe Latifa niondoke zangu.

Wakaniita. Nikasema. Jina sikulitaja. Nilisema hapa wanatuuliza hali kama watu tunaopishana barabarani, na sisi tunajibu kama wapita njia. Wamwambie mgonjwa aonyeshe panapomuuma, wapaangalie. Nikasema mama yangu alitoka hapa na mguu ambao hakuna aliyeuangalia, na ndio uliomuua. Tausi alikuwa kwenye dirisha la dawa. Alisikia kila neno. Kwenye benchi hakuna aliyenitazama tena, na mwanamke niliyemwachia Latifa ampakate alinirudishia mtoto.

Leo jioni Tausi akabisha hodi. Nilijua amekuja kugomba, na majibu yangu nilishayapanga, tena makali. Akaketi mkekani na sare yake ya kazi. Macho yamemvimba. Akaniuliza, "Dada, mguu ulimwanzia wapi? Nionyeshe."

Nikaunyoosha mguu wangu, Mama, nikamwonyesha kwangu: ulianzia hapa, kisha hapa, ikifika jioni unakuwa wa moto. Akawa anapapasa polepole kila nilipotaja, anabonyeza, anauliza, "Na hapa?" Sikuweza kuuondoa mguu. Nililia mpaka Latifa akatoka chumbani kuniangalia.

Sijamsamehe bado, sikudanganyi. Lakini sikumfukuza.

Kwaheri, Mama yangu. Mungu akulaze pema. Nakuahidi, mzee yeyote wa mtaa huu akienda pale peke yake, nitakwenda naye, nitaingia naye ndani, na hatutatoka mpaka waangalie.

Mwanao,
Mwanaidi