Mwalimu Wangu Anataka Kunipasua Mwenyewe

Mpendwa Shangazi Verna,

Naomba unisaidie kabla sijajifungua, na tafadhali usinicheke, maana mimi ni daktari na watu wa mji huu wanadhani nina akili timamu. Katika hospitali yetu ndogo hapa Dakota Kaskazini yupo daktari mzee, nimwite Daktari Orville, ambaye ndiye aliyenipokea nilipozaliwa, akaja kunifundisha kushika kisu, na hadi leo mkewe akipika mikate ya viazi huniwekea yangu pembeni, nami nampenda mzee huyu kama baba, sina namna nyingine ya kusema. Sasa Shangazi, kila miaka miwili hospitali inamtaka kila daktari aombe upya kibali, kazi kwa kazi, na daktari mwenzake athibitishe kwamba bado anaiweza, na Daktari Orville ameomba upasuaji wa kujifungua kama kawaida yake, na aliyemtaja amthibitishe ni mimi, na hapo ndipo usingizi unaponipaa, kwa sababu mkono wake wa kulia unatetemeka, ulianza mwaka jana, na tangu hapo nimehakikisha kila akipasua mimi ndiye msaidizi wake ng'ambo ya meza, na tukifika pagumu namwambia, “Daktari, niachie hapa, nataka mazoezi,” naye ananijibu, “Haya binti, kata, mimi nitakusifu,” basi nakata mimi na kushona mimi, lakini kwenye ripoti mpasuaji ni yeye, na kamati ya vibali ikitazama inaona mzee hana dosari hata moja. Juzi nesi Darlene alinitania mbele ya watu, “We daktari, mazoezi yako yataisha lini? Ukistaafu?” nikacheka nao, nikageuza mazungumzo.

Na kubwa zaidi, mtoto wangu amekaa kitako tumboni na lazima nipasuliwe mwezi ujao, na mzee ameshajipangia kazi: “Wewe nilikutoa unanipigia kelele, na huyo nitamtoa mimi. Ukoo wenu nimeuzoea!” Mume wangu anasema nimkatalie, lakini kila nikitaka kusema namwona anavyofurahi, mdomo unakuwa mzito. Je, niandike ukweli nimvunje moyo, au niandike kwamba anaweza, mengine nimwachie Mungu?

Mwanafunzi Wake


Binti yangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nililia kidogo, mara ya pili nikakasirika.

Unampenda mzee, hilo halina ubishi, na heri mwalimu anayependwa hivyo. Lakini umeifumba macho kamati. Kazi yake ni kujua mkono wa nani unaweza nini, nawe mwaka mzima umekuwa ukiipelekea mkono wako kwa jina lake. Wale kina mama walimkubali daktari mmoja, wakapasuliwa na mwingine. Hiyo si heshima kwa mwalimu, huko ni kumdekeza. Na mwezi ujao ukilala wewe pale mezani, nani atasimama ng'ambo aombe mazoezi?

Tena usidhani hajui. Mtu aliyeshika kisu miaka yote hiyo asiujue mkono wake? Anajua na anaogopa, ndiyo maana anakuachia bila kubisha. Mficha uchi hazai, mama, na wewe unataka kuzaa.

Usimwandikie kwamba anaweza. Jumamosi hii nenda kwake, kabla kamati haijakaa, na usithubutu kulianzisha kwenye korido ya hospitali. Mwambie ulichokiona, kwa mdomo wako, bila kuzungukazunguka. Mwombe asishike kisu kuanzia sasa, aende kwa daktari wa mishipa ya fahamu, huenda mkono una dawa, na alifute mwenyewe ombi la upasuaji, abaki na kliniki yake na wagonjwa wake wanaomgombania. Unajua kuliko mimi kwamba asiyeomba kibali hajanyimwa. Ombi likikataliwa na kamati, aibu hiyo itaandikwa kwenye rekodi zake na kumfuata, na wakishaanza kumchunguza, hata kujitoa hakutamsaidia. Akikubali au akikataa, Jumatatu nenda kwa mkuu wa madaktari ukamweleze ni nani aliyekuwa akikata. Utasemwa, na umestahili. Akikataa kabisa, andika ukweli wote, hata ukiuandika unalia.

Atakasirika. Pengine atakutoa nje hata kahawa hujamaliza. Vumilia, kaa kwenye gari, mkewe atakuja kukuita.

Akishatulia, mwambie kwamba atakayekupasua ni mwingine, lakini yeye unamtaka mle ndani, akae kichwani pako akushike mkono mpaka mtoto alie. Kwa kazi hiyo, mkono wake ukitetemeka hakuna atakayeumia.

Shangazi Verna